Oksijeni Nyumbani kwa Maumivu ya Kichwa ya Klasta: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa wa Tarime na Serengeti

Utangulizi

Maumivu ya kichwa ni malalamiko yanayosikika kila siku katika zahanati zetu, kuanzia Sirari mpakani hadi Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Mengi hutulia kwa dawa za kawaida, na mengine hukoma pindi ugonjwa uliyoyasababisha unapotibiwa. Yapo hata hivyo maumivu ya aina moja ambayo humwamsha mtu usiku wa manane, humtoa kitandani, na kumfanya atembee uani huku amelishika jicho moja. Dawa ya kawaida ya kutuliza maumivu haimsaidii, kwa kuwa mara nyingi shambulio huwa limepita kabla dawa haijaanza kufanya kazi. Wagonjwa wengi, wanawake waliokwisha kuzaa wakiwamo, husema hawajawahi kupata uchungu mkali kuliko huo.

Kitaalamu huitwa maumivu ya kichwa ya klasta. Neno hilo lina maana ya kundi au kishada: mashambulizi hayatawanyiki mwaka mzima, bali huja kwa makundi, kila siku au karibu kila siku kwa majuma kadhaa, kisha hutoweka kwa miezi au miaka. Inakadiriwa kwamba takriban mtu mmoja kati ya 1,000 hupatwa na ugonjwa huu katika maisha yake, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Kwa hiyo si ugonjwa wa kila siku, lakini katika wilaya yenye watu laki kadhaa wagonjwa wake hawakosekani.

Oksijeni safi huweza kuyakata maumivu haya ndani ya dakika 15. Swali linalobaki ni namna mtu wa kijijini atakavyoipata na kuimudu. Jibu la somo hili ni kwamba oksijeni ya ugonjwa huu ni hitaji la msimu. Haifai kununuliwa kama mali ya kudumu. Ifaa ipangwe mapema, iazimwe kwa majuma inapohitajika, itumike kwa usahihi, kisha mtungi urudishwe.

Kuyatambua maumivu

Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya kufundishia. Mwanamume wa miaka 36, mkulima na mfugaji, anaishi kijiji kilicho mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Mugumu. Kwa majuma mawili ameamka kila usiku saa nane akiwa na maumivu makali nyuma ya jicho la kulia. Jicho huwa jekundu na kutoa machozi, tundu la pua la upande huohuo huziba kisha hutiririsha kamasi, na kope hulegea. Hawezi kulala; hutembea, hujipiga kichwa, hujiinamia. Baada ya saa moja maumivu hukoma ghafla, naye hubaki mzima lakini amechoka. Amepimwa malaria mara tatu bila kuonekana vimelea, na jino moja zima limekwisha kung'olewa. Anakumbuka kwamba mwaka uliopita alipatwa na hali hiyohiyo kwa majuma sita, ikaisha yenyewe.

Historia hii peke yake yatosha kumfanya tabibu aufikirie ugonjwa wa klasta. Mambo ya kuuliza ni haya:

1. Maumivu huwa upande mmoja tu, kwenye jicho, juu yake au kwenye panda la uso?
2. Shambulio lisilotibiwa hudumu kati ya dakika 15 na saa tatu?
3. Huja kati ya mara moja kwa siku mbili na mara nane kwa siku, na mara nyingi saa ileile?
4. Upande wenye maumivu huonyesha wekundu wa jicho, machozi, kuziba kwa pua, jasho la uso au kulegea kwa kope?
5. Mgonjwa hutaharuki na kushindwa kutulia?

Swali la tano hututenga na kipandauso. Mwenye kipandauso hutafuta giza na kimya, hulala, hutapika, na maumivu yake hudumu saa nyingi au siku. Mwenye klasta hawezi kulala chini. Ikiwa mashambulizi ni mafupi sana, ya dakika mbili hadi 30, na ni mengi kuliko matano kwa siku, huenda ni ugonjwa mwingine wa jamii hiyo, ambao hutulizwa na indomethasini na si kwa oksijeni. Mgonjwa huyo apelekwe kwa daktari.

Kabla ya kuzungumzia mtungi wowote, dalili za hatari ziondolewe. Maumivu yaliyoanza ghafla kwa ukali wa kupita kiasi, homa na shingo kukakamaa, degedege, udhaifu wa mkono au mguu, kuchanganyikiwa, maumivu mapya kwa mtu aliyevuka miaka 50, kwa mjamzito au kwa mwenye virusi vya UKIMWI, yote hayo yanadai rufaa bila kuchelewa. Jicho jekundu lenye uoni uliofifia na maumivu yasiyokoma huweza kuwa presha ya macho, nayo huharibu uoni kwa muda mfupi. Hata mgonjwa ambaye dalili zake zote zinaafikiana na klasta apaswa kuonwa walau mara moja na daktari, katika hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa iliyoko Musoma, na inapobidi katika Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza.

Kwa nini oksijeni, na kwa nini nyumbani

Matumizi ya oksijeni kwa maumivu haya yana umri wa miongo mingi. Ushahidi ulio wazi zaidi ulitolewa mwaka 2009 na madaktari Cohen, Burns na Goadsby wa London. Wagonjwa walivuta kwa zamu oksijeni safi au hewa ya kawaida, lita 12 kwa dakika kwa dakika 15, bila kujua ni ipi. Baada ya dakika hizo 15, asilimia 78 ya mashambulizi yaliyotibiwa kwa oksijeni yalikuwa yamepoa au kupungua vya kutosha, dhidi ya asilimia 20 ya yale yaliyotibiwa kwa hewa. Oksijeni haina madhara ya kwenye moyo yanayoizuia sindano ya sumatriptani kwa wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, na yaweza kurudiwa shambulio likirudi siku hiyohiyo.

Shambulio hudumu muda mfupi, na hapo ndipo ulipo ugumu wa vijijini. Mgonjwa wetu akiamka saa nane, akatafuta pikipiki na kufika Mugumu saa tisa na nusu, maumivu yamekwisha kumtesa na kuondoka. Atamweleza muuguzi habari za uchungu usioonekana tena usoni mwake. Oksijeni inayofaa ni ile iliyo karibu na kitanda. Uingereza, mwongozo wa NICE wa mwaka 2012 unaagiza mgonjwa wa klasta apangiwe oksijeni ya nyumbani. Marekani, kwa upande mwingine, kuanzia mwaka 2011 bima ya Medicare ililipia oksijeni ya nyumbani kwa ugonjwa huu kwa walio ndani ya utafiti tu, hadi kikwazo hicho kilipoondolewa Septemba 2021. Ugumu wa kulipia tiba hii, kwa hiyo, haukuzaliwa Mara.

Vifaa vinavyohitajika

Vinahitajika vitu vitatu: mtungi wa oksijeni ya tiba; kidhibiti mgandamizo chenye kipima mtiririko kinachofika lita 15 kwa dakika; na barakoa yenye mfuko wa akiba na vali zinazozuia hewa ya nje isiingie.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kumwekea mgonjwa mrija wa puani kwa lita mbili au nne kwa dakika, kisha kuandika kwenye faili kwamba oksijeni haikumsaidia. Mrija huo huchanganya oksijeni na hewa nyingi ya chumbani. Mgonjwa huyo hajapewa tiba ya klasta bado. Amejaribiwa kwa kipimo kisichotosha.

Mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani huvutia, kwa sababu haihitaji kujazwa. Zilizo nyingi hutoa lita tano kwa dakika, na hazifikii usafi wa asilimia 100. Nyumba isiyo na umeme wa uhakika haiwezi kuitegemea saa nane za usiku. Yaweza kujaribiwa ile ya lita kumi kwa mgonjwa ambaye hana namna nyingine, lakini mtungi ndio chaguo la kwanza.

Onyo moja ni la lazima katika maeneo yenye migodi na karakana nyingi kama Nyamongo. Mitungi ya oksijeni ya mafundi wa kuchomelea isitumiwe kwa mgonjwa hata kidogo. Mtungi wa karakana haufuati utaratibu wa usafi wa gesi ya tiba, kidhibiti chake hakikutengenezwa kupima pumzi za mtu, na huenda umeguswa na mafuta au grisi. Bei yake nafuu isimdanganye mtu.

Hesabu ya mtungi

Hapa ndipo uwezo wa kumudu unapoamuliwa. Lita 12 kwa dakika kwa dakika 15 ni lita 180 kwa kila shambulio. Mtungi mkubwa unaobeba lita 6,800 za gesi hutosha mashambulizi 37. Mtungi mdogo wa lita 1,360 hutosha saba tu, nao hufaa zaidi kwa safari.

Kiasi kilichobaki hujulikana kwa kuzidisha ujazo wa mtungi, ambao huchongwa begani mwake, kwa mgandamizo unaosomwa kwenye geji. Mtungi wa lita 40 ukisomeka baa 100 una takriban lita 4,000 za gesi, yaani mashambulizi 22.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Tuseme anapata mashambulizi mawili kwa siku, na msimu wake ni majuma sita. Hayo ni mashambulizi 84, sawa na lita 15,120. Atahitaji mitungi mikubwa mitatu. Lakini akipewa mapema dawa ya kuzuia, na mashambulizi yakapungua hadi moja kwa siku kuanzia juma la tatu, jumla itakuwa mashambulizi 56, sawa na lita 10,080: mitungi miwili. Dawa ya kuzuia imeokoa mtungi mmoja na safari yake.

Dawa hiyo kwa kawaida ni verapamili, ambayo daktari huanza kwa miligramu 80 mara tatu kwa siku na kuiongeza taratibu. Kipimo cha umeme wa moyo hufanywa kabla ya kuanza na kila dozi inapopandishwa, kwa sababu dawa hii huweza kuchelewesha mapigo ya moyo. Prednisoloni kwa siku chache hutumika kuziba pengo hadi verapamili ishike. Dawa hizi zisianzishwe na mgonjwa mwenyewe. Pombe, iwe ya kiwandani au ya kienyeji, iachwe kabisa katika majuma ya msimu, kwa kuwa hata kiasi kidogo huamsha shambulio. Hakuna akiba ya oksijeni iliyo rahisi kuliko hii.

Gharama nazo zihesabiwe kwa msimu: amana ya mtungi, kujaza, usafiri wa kwenda na kurudi, kidhibiti, na barakoa. Tuseme, kwa mfano tu, kujaza na kusafirisha mtungi mmoja kunagharimu shilingi 60,000. Kila shambulio litagharimu takriban shilingi 1,620. Mitungi mitatu ni shilingi 180,000. Miwili ni 120,000. Mhudumu na mgonjwa waweke bei halisi za mahali pao katika hesabu hiyo kabla familia haijauza mbuzi au ng'ombe. Familia iliyouza mnyama kununua mtungi na kidhibiti hubaki na chuma kisicho na kazi kwa miezi kumi ya mwaka.

Mtungi utoke wapi

Kuna jambo gumu linalopaswa kusemwa waziwazi. Lita 180 zinazokata shambulio moja ndizo zinazoweza kumpa mtoto mchanga mwenye nimonia oksijeni ya lita moja kwa dakika kwa saa tatu. Mtungi wa nyumbani ukichukuliwa kutoka wodi ya watoto, maumivu ya mtu mmoja yatakuwa yametulizwa kwa hatari ya uhai wa mwingine. Wala isiwe sababu ya kumfukuza mgonjwa wa klasta aliyefika mlangoni akiwa na shambulio, ikiwa ipo oksijeni ya kutosha: dakika zake 15 ni tiba halali.

Njia ya kutoka katika mgongano huo ni mpango wa mapema. Kwa kuwa wagonjwa wengi hupatwa kwa misimu, na kwa baadhi yao msimu hurudi wakati uleule wa mwaka, hitaji laweza kutabiriwa. Tunapendekeza hatua hizi:

1. Kituo kiwe na daftari la wagonjwa waliothibitishwa, lenye mwezi msimu ulipoanza, majuma uliyodumu na idadi ya mashambulizi kwa siku.
2. Daktari aandike agizo kamili: oksijeni asilimia 100, lita 12 hadi 15 kwa dakika, barakoa yenye mfuko wa akiba, dakika 15 hadi 20, na idadi ya mitungi ya msimu. Neno "oksijeni" peke yake halitoshi.
3. Ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, pamoja na mfamasia na fundi wa vifaa tiba, iagize mitungi hiyo nje ya akiba ya wodi.
4. Kidhibiti na kipima mtiririko viwe mali ya kituo, viazimwe kwa saini na kurudishwa msimu ukiisha. Seti moja yaweza kuhudumia wagonjwa kadhaa ambao misimu yao haigongani. Barakoa ni ya mtu mmoja.
5. Mwenye bima apeleke agizo hilo na kuomba jibu la maandishi kuhusu kinacholipiwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kila mwananchi kuwa na bima. Ombi lililoandikwa vizuri husikilizwa kuliko malalamiko ya mdomo.

Namna ya kutumia

Mgonjwa aanze mara tu anapohisi shambulio linakuja. Kuchelewa hupunguza nafuu. Aketi, ainamie mbele kidogo. Afungue mtungi polepole, aweke mtiririko wa lita 12 kwa dakika, na auache mfuko wa barakoa ujae kwanza. Kisha aifunge barakoa isivuje, avute pumzi kwa utulivu. Mfuko ukinywea kabisa kila anapovuta, mtiririko uongezwe hadi lita 15. Aendelee kwa dakika 15. Maumivu yakikoma, aweza kuongeza dakika tano, kisha afunge mtungi kwenye vali yake na si kwenye kipimo peke yake. Yasipopungua baada ya dakika 20, aache, na amweleze daktari siku inayofuata.

Mke, mume au ndugu anayeishi naye afundishwe pamoja naye, kwa kuwa mtu aliye katikati ya shambulio hawezi kusoma geji vizuri. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, hasa mvutaji wa sigara wa miaka mingi, asipewe oksijeni nyingi kabla daktari hajampima.

Moto ni adui wa kwanza

Oksijeni yenyewe haiungui, lakini hufanya vitu vingine viungue kwa kasi ya kutisha. Katika nyumba ya nyasi, au yenye jiko la kuni karibu na chumba cha kulala, tahadhari hii ni ya uhai. Mtungi ukae mbali na moto kwa mita tatu au zaidi, nje ya jikoni, katika chumba kinachopitisha hewa. Usiku itumike tochi au taa ya sola. Koroboi na mshumaa visiwashwe chumbani humo, wala sigara isivutwe. Vaselini na mafuta ya kupaka yasitumiwe usoni wakati wa tiba, na vali isiguswe kwa mikono yenye mafuta. Baada ya tiba, blanketi na nguo zipeperushwe hewani, na mgonjwa asikaribie moto kwa dakika 20, kwa sababu oksijeni hubaki kwenye vitambaa na nywele.

Mtungi usimame wima, ufungwe kwa mnyororo au kamba imara ukutani. Mtungi mkubwa una uzito wa kilo 60 au zaidi. Usipakiwe kwenye bodaboda. Usafirishwe kwa gari la mizigo ukiwa umefungwa, kidhibiti kikiwa kimetolewa na kofia ya vali ikiwa mahali pake. Nyumba isiyoweza kutimiza masharti haya isipewe mtungi. Bora mgonjwa alale kwa jamaa aishiye karibu na kituo cha afya katika majuma ya msimu.

Swali lisiloachwa

Ugonjwa huu hauui wenyewe, lakini uchungu wake umewafanya baadhi ya watu watamani kufa. Mhudumu aulize kwa upole na waziwazi, wakiwa faragha: "Kaka, maumivu haya yamewahi kukufanya ufikirie kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, humfungulia mlango. Akikubali, asiachwe peke yake, ndugu washirikishwe kwa ridhaa yake, na apelekwe siku hiyohiyo kwa daktari. Wanaume wengi wa kwetu wamelelewa kuvumilia maumivu bila kulia. Atakayekiri kwamba ameshindwa ameonyesha ujasiri, naye astahili kuaminiwa.

Hitimisho

Mgonjwa wetu wa mfano hahitaji kumiliki mtungi. Anahitaji utambuzi sahihi, dawa ya kuzuia inayosimamiwa, barakoa iliyo sahihi, mitungi miwili au mitatu kwa majuma sita, na daftari litakalomkumbuka mwakani. Hayo yako ndani ya uwezo wa wilaya iliyojipanga.

Maswali ya kujipima

1. Mtungi wa lita 40 unasomeka baa 75. Unatosha mashambulizi mangapi ya lita 180? (Jibu: lita 3,000, yaani mashambulizi 16.)
2. Mgonjwa aliyepewa lita nne kwa mrija wa puani hakupata nafuu. Je, oksijeni imeshindwa? (Jibu: hapana, ajaribiwe tena kwa barakoa yenye mfuko wa akiba na lita 12 hadi 15.)
3. Kwa nini mtungi wa nyumbani usitoke wodi ya watoto? (Jibu: shambulio moja hutumia oksijeni ya saa tatu ya mtoto mchanga, mitungi ya nyumbani iagizwe kando.)